Kisogo cha Staa

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni vizuri na muiweke simu pembeni kidogo. Mimi sikusoma sana. Nilitolewa shule darasa la nne nikalee wadogo zangu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Mwandiko ni wangu. Mkamwana wangu amenipangia vituo na mikato tu, maneno hakuyagusa, na nimemwambia akiyagusa nitajua. Naandika kwa sababu watu mjini wanamuuliza mjukuu wangu yule staa wa kwenye maonyesho alisukwa na nani, na kila mtu anajibu lake. Wengine wanasema saluni ya mjini. Wengine wanasema ni wigi. Nilimsuka mimi. Lakini ilibaki kidogo nisimsuke, na hilo ndilo nataka mlijue.

Kwetu ni mlimani, juu ya pale panapoitwa Maji ya Chai. Ukiiacha lami unapanda kwa mguu kati ya migomba mpaka usikie ng'ombe wetu, maana yule hana adabu, analia akisikia mtu yeyote. Tunaishi mimi, mwanangu wa kiume, mke wake, watoto wao wawili, na huyu mjukuu ninayemsema, msichana, mtoto wa binti yangu. Binti yangu aliugua wiki tatu, akafariki mtoto akiwa na miaka minne. Baba wa mtoto simuongelei.

Enzi zangu nilikuwa msusi. Si wa saluni yenye vioo, nilisukia uani kwangu, mimi kwenye kigoda, anayesukwa chini kwenye gunia. Kazi yangu ilikuwa uzi. Nyinyi hamuijui, acha niwaeleze. Unazigawa nywele mafungu, kila fungu unalifunga shina kwa uzi mweusi, halafu unauzungusha uzi ukipanda nao mpaka ncha, na fungu linasimama lenyewe kama kijiti. Ikikaribia Krismasi wasichana walikuja kwangu tangu asubuhi, kila mmoja na kitana chake na ndizi mbili za kushindia. Sikuwa na mkono laini. Aliyelia nilimwambia alie, ila kichwa kisicheze.

Kichwa nilichokisuka kuliko vyote ni cha binti yangu. Tangu nywele zake zilipoanza kushikika mpaka na yeye akawa na mtoto mgongoni, kila Jumamosi. Ukisuka kichwa kimoja miaka yote hiyo unakijua kama shamba lako, wapi pana jiwe, wapi maji yanatuama. Chake kilikuwa na kibonde nyuma ya sikio la kushoto, cha kuenea kidole gumba. Mstari ukifika pale sharti uupinde, la sivyo fungu linalala upande. Msusi mwingine asingejua. Alikuwa akisukwa kwa jirani anarudi na fungu moja limelala, nami namwambia, umeona sasa.

Alipofariki sikukubali mtu mwingine amsuke. Nilimsuka mtindo aliokuwa akiupenda, mafungu yakisimama, kisha ncha zikainamishwa na kuunganishwa kuzunguka kichwa kama ukingo wa kikapu. Nilipomaliza nikaweka kitana na uzi kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalifunika, nikaliweka juu ya kabati. Sikusuka tena kichwa cha mtu.

Na mtoto wake nikaagiza awe ananyolewa. Sikumnyoa kwa mkono wangu. Kila wiki mbili alipelekwa kwa kinyozi kule barabarani, na mtu akiuliza nilisema shule ndivyo inavyotaka, ambayo ni kweli, wasichana shuleni wananyoa. Lakini shule hufungwa. Likizo wenzake walisuka, yeye alibaki na kipara chake. Siku ya kipaimara wasichana wote walikuwa na magauni meupe na nywele zimetengenezwa. Miezi minne kabla ya siku hiyo, kinyozi alipokuwa akimsubiri, alikuja jikoni akasimama mlangoni akaniambia, Bibi, niziache ziote, kisha unisuke wewe, hata mistari miwili tu. Nikamwambia kichwa kilichonyolewa ni kisafi, na Mungu haangalii nywele. Ile picha ya kipaimara ipo. Wako kumi na nne na yeye ni wa mwisho kushoto, na anayemtafuta hapati shida.

Alipomaliza kidato cha nne, bado akinyolewa kama nilivyoagiza, alinunua picha kubwa ya yule mwimbaji akaibandika ukutani kwake. Huyo mwimbaji mnamjua, nchi nzima inamjua, jina lake silitaji kwa sababu hajanipa ruhusa. Ni yule ambaye katika video iliyomtoa alikuja amesukwa uzi, mafungu saba yamesimama juu ya kichwa kama uzio, na vijana wakadhani amebuni yeye. Nilicheka peke yangu. Ila nguo aliyovaa katika ile picha ilikuwa haijakamilika. Niliibandua. Karatasi ilikuwa nene, nzuri, haipitishi maji, nikaitandika kwenye boksi la vifaranga.

Mjukuu wangu alikuja kuwapa vifaranga maji akakuta jicho la staa linamtazama kutoka chini ya kifaranga. Hakulia wala hakunijibu vibaya. Aliwapa maji, akaosha mikono. Baada ya wiki mbili akaniaga kwamba amepata kazi kwa fundi mmoja wa sanamu kule Sombetini mjini, atapanga chumba na mwenzake, atakuwa anarudi mwisho wa wiki. Nikamwambia nenda. Nilidhani atachoka.

Hakuchoka. Yule fundi alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza sanamu za watu maarufu kwa ajili ya maonyesho katika ukumbi mmoja mjini, watu waje kuwatazama na kupiga nao picha. Mwanzoni kazi ya mjukuu wangu ilikuwa kukoroga plasta na kufagia. Baadaye fundi akamwona ana jicho, akamwambia haya, chagua mmoja umtengeneze mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Mnajua alimchagua nani. Nilipoambiwa nilijua pia alimchagua kwa ajili ya nani. Mimi nilimtandikia kuku staa wake wa karatasi, sasa anamleta mwenye urefu wa mtu.

Habari za kazi hiyo nilizipata kwa mkamwana wangu, ambaye anachat naye. Alinisimulia habari ya meno. Sanamu ilikuwa imefunguka mdomo, inaimba, na mjukuu wangu akayapaka meno yake rangi ya kahawia, kahawia nyepesi ya kupendeza, akaridhika kabisa. Fundi alipofika akauliza huyu ni mwimbaji au ni mkulima wa Maji ya Chai. Karakana nzima ikacheka. Sisi huku meno yetu yote yana rangi hiyo kwa sababu ya maji yetu, tangu babu zetu. Yule mtoto hakukosea kwa uzembe. Alipaka meno anayoyajua. Nilipoambiwa hayo nilicheka na mimi, kisha nikaenda nje nikakaa na ng'ombe kidogo.

Mwisho wa wiki uliofuata akaja nyumbani, akanisalimia, akakaa chini wakati viti vipo. Nikajua kuna jambo. Akaeleza kwamba sanamu imekamilika isipokuwa nywele. Walijaribu wigi, likakaa kama nyasi za banda. Wakaleta wasusi wawili wa saluni, mabinti wazuri tu, lakini uzi hawaujui, mafungu yote yalianguka kabla hawajamaliza chai. Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi. Fundi amesema mpaka Alhamisi jioni, kama kichwa hakijawa kichwa, staa atabaki stoo amefunikwa shuka, na nafasi yake atawekwa mchezaji wa mpira. Wachezaji wa mpira walikuwa wameshafika wawili.

Nikamwambia mimi sisuki. Anajua hilo. Akasema ndiyo anajua. Akainuka akaenda kukata majani ya ng'ombe, na kule nyuma ya banda nikasikia panga likikata kwa nguvu kuliko majani yalivyohitaji.

Mkamwana wangu alikuwa anamenya ndizi. Huyu mwanamke ananiheshimu, hajawahi kunipandishia sauti. Siku hiyo pia hakupandisha. Alisema huku anatazama ndizi zake:

"Mama, huyo mtoto hajakuomba kitu tangu kipaimara."

Nikachukua kisu nikamenya naye mpaka ndizi zikaisha.

Jumatano nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikashusha lile kopo juu ya kabati bila kulifungua, nikashuka mjini. Mjukuu wangu alinipokea stendi, nikamwambia kabisa kwamba nakwenda kuwaelekeza wale mabinti wa saluni, mimi nitasema tu, wao watasuka. Akasema sawa, Bibi. Hakutabasamu, lakini alinishika mkono kuvuka barabara, na mimi barabara navuka mwenyewe.

Pale ukumbini sanamu zote zilikuwa zimeshapangwa, nyingine na shuka, nyingine wazi. Fundi ni baba wa makamo, ana rangi kwenye ndevu, akanipa shikamoo yake vizuri akanitembeza. Kulikuwa na mchezaji ameinua mguu, mapaja kama nguzo za geti. Kulikuwa na mchekeshaji, na dada wa kwenye maigizo ya televisheni amebeba mkoba wa kweli, nikaufungua nikakuta hamna kitu. Kulikuwa na mzee mmoja mpiga gitaa wa bendi za zamani. Pale nilisimama kuliko nilivyopanga. Ule muziki wake ndio tuliocheza siku ya harusi yangu. Nikamwambia fundi alikuwa mwembamba zaidi ya hivi. Akauliza kama nilimjua. Nikamwambia nilimsikia mara moja akipiga mjini, mimi na marehemu mume wangu tukiwa nje ya ukuta tunachungulia kwenye ufa, na kwenye ufa kila mtu ni mwembamba, kwa hiyo namkumbuka mwembamba. Fundi alicheka mpaka akajishika kiuno, lakini aliandika kitu kwenye daftari lake.

Halafu nikamwona wa kwetu. Alikuwa mwishoni, karibu na dirisha, amevaa gauni refu. Mjukuu wangu alikuwa amemshonea gauni refu. Nikaligeuza pindo nikatazama mshono, ulikuwa imara. Meno yalikuwa yameshapakwa meupe, ila moja la pembeni lilibaki na kahawia yake, sijui alilisahau au alijifanya amelisahau. Uso ulikuwa wa yule mwimbaji, hata mimi nilimtambua, hata ule utundu wa machoni mwake. Juu ya kichwa walimbandika kofia ya wavu iliyoshonewa nywele za dukani, nazo zimetawanyika kila upande kama za mtu aliyetoka kugombana.

Wale mabinti wa saluni hawakuwepo. Mmoja alikuwa na mteja wa harusi, mwingine simu yake haipatikani. Fundi akanitazama, akamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu akatazama sakafu.

Nikaomba kigoda.

Kichwa na mabega vya sanamu vinatoka, vimefungwa kwa bolti. Wakavifungua wakaniletea, nikakibana kile kichwa katikati ya magoti, uso ukitazama mbele, kama ninavyombana mtoto. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotegemea na hilo lilinisumbua. Nikafungua kopo. Uzi ulikuwa mzima. Kitana kilikuwa kimepungua meno mawili, nikakumbuka kwamba yalikatika siku ile ya mwisho. Nikaanza mbele, kwa sababu mbele ni rahisi, fungu la kwanza, la pili. Vidole havikuwa vimesahau. Ule wavu ulikuwa mwembamba sana, unahisi kila kitu chini yake.

Nikahamia nyuma kugawa mistari. Kidole gumba kikateleza nyuma ya sikio la kushoto kikaingia mahali.

Nikakitoa. Nikakirudisha. Kikaenea.

Nilimwambia fundi atupishe kidogo. Akadhani nataka kusali, akavua kofia akaondoka. Nikamuuliza mjukuu wangu:

"Hiki kisogo umekitoa wapi?"

"Ni changu, Bibi."

Akaeleza, huku ana wasiwasi kwamba ameharibu. Picha zote za yule mwimbaji, kwenye simu, kwenye magazeti, kwenye video, anatazama mbele. Walitafuta wiki nzima, hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha kisogo. Fundi akasema lazima kichwa kiwe na nyuma, watu watazunguka. Na katika karakana nzima mwenye kipara safi alikuwa mmoja. Basi wakampaka mafuta, wakamzungushia bandeji za plasta kama zile za kufungia mguu uliovunjika, akakaa bila kucheza mpaka ikakauka. Kwa hiyo kuanzia masikioni kwenda mbele ni staa, kuanzia masikioni kwenda nyuma ni yeye.

"Kuna kibaya, Bibi?"

Nikamwambia njoo hapa. Akaja akapiga magoti kwenye sakafu ya watu. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake.

Nyinyi mtaona ni jambo dogo. Yule mtoto nilimpakulia uji, nilimfunika shuka, nilimtibu malaria, nilimchapa alipostahili. Kichwa chake nilikuwa sijakigusa miaka kumi na minne. Kilikuwa cha moto, na nywele zimeanza kuchomoza zinachoma kiganja. Nikapeleka kidole gumba nyuma ya sikio la kushoto. Kibonde kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya nyumba yangu siku zote hizo, na kinyozi wa barabarani alikijua kuliko mimi.

"Ni cha mama yako," nikamwambia.

Alilaza kichwa kwenye goti langu la kulia, na kile cha staa kiko kati ya magoti, nikawa na vichwa viwili. Mama yake tulikuwa hatumtaji nyumbani, mimi ndiye niliyezuia, kwa kudhani mtoto ataumia. Aliyekuwa anaumia mnamjua.

Kisha nikamwambia anishikie uzi, kazi ni kazi, na Alhamisi ni kesho.

Nilisuka. Sikufikiri, niliachia mikono iende, na kila mstari uliofika kwenye kibonde niliupinda. Fundi alirudi akakaa mbali. Nilipofunga fundo la mwisho na kuinua macho nikaona nilichofanya. Mafungu hayakuwa saba. Na ncha zilikuwa zimeinamishwa na kuunganishwa kuzunguka kichwa kama ukingo wa kikapu.

Fundi alisogea akazunguka mara mbili. Akasema kwa upole kabisa kwamba ni kazi nzuri ambayo hajawahi kuiona, lakini si yeye. Akanionyesha kwenye simu. Ni kweli, hakuwa yeye. Watoto wangekuja wakauliza huyu ni nani.

Mimi sijawahi kumfumua mtu. Uani kwangu aliyesema hakupenda alienda nazo hivyo hivyo mpaka zikaachia zenyewe. Nilimwambia fundi maneno hayo, na nilimwambia pia kwamba kwa upande wangu staa anaweza kwenda stoo na shuka lake. Nilisema hivyo kwa sababu sikuweza kufumua zile nywele. Nilizisuka mara moja zikaenda ardhini, na sasa zilikuwa hapa zimerudi, kwenye mwanga wa dirisha.

Fundi akamtazama mjukuu wangu. Kazi ilikuwa yake, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kile kibao kidogo chini. Yeye hakuwa anatutazama. Alikuwa anatazama ule ukingo, anaufuata kwa kidole bila kuugusa.

"Hii ni ya nani, Bibi?"

"Ya mama yako. Ndiyo aliyozikwa nayo."

Akaendelea kuzunguka na kidole mpaka kikarudi kilipoanzia. Nikajua akisema iache, nitaiacha, na atakosa maonyesho yake kwa ajili yangu. Na akisema ifumuliwe, sikujua nitafanya nini.

"Ifumue, Bibi," akasema. "Hii si ya huyu. Niwekee mimi, zikiota."

Basi nilifumua. Kufumua uzi kunachukua muda kuliko kusuka, ukiharakisha unakata nywele. Mimi nilikuwa nafungua, yeye anauzungusha uzi kwenye kigurudumu chake, na tulipokuwa tunafanya hivyo akaanza kuuliza. Mama alikuwa analia akisukwa? Nikamwambia analia, na anapiga teke. Alikuwa anaimba? Vibaya sana, nikamwambia, kwaya ilimweka nyuma karibu na mlango. Akacheka. Maswali mengine ni yetu. Fundi alituletea chai na maandazi akaketi kwenye jukwaa la mchezaji wa mpira, chini ya ule mguu.

Halafu nikasuka saba, zimesimama. Fundi akajaribu kusema kwamba labda nilegeze kidogo, anaona kama ngozi ya paji la uso imevutika. Nikamwambia aliyesukwa uzi na macho yake hayakuvutika, huyo hakusukwa. Wakafunga kichwa mahali pake kwa bolti, na alipopandishwa kwenye kijukwaa chake akawa yule yule wa kwenye video. Nilitaka kukataa, nikashindwa.

Jumamosi watu walikuja. Wanafunzi walipoingia walimwona toka mlangoni wakamkimbilia wakipita katikati ya wachezaji wote wawili. Walisimama naye, wakainua simu, wakafungua midomo kama yeye. Binti mmoja mdogo alivuta fungu moja kuona kama litaanguka. Halikuanguka. Mjukuu wangu alisimama pembeni, mikono nyuma, anajifanya mlinzi. Watu walimuuliza nani ametengeneza, akasema mimi, wakadhani anatania. Mwanangu na mkamwana wangu walikuja na watoto. Mwanangu akasema gauni ni zuri.

Wote walipigia picha mbele. Mimi nilizunguka nyuma. Pale hakukuwa na mtu, ni ukuta tu na nyaya za taa. Nilisimama nikatazama mistari inavyoshuka kwenye shingo na ule mmoja unaopinda. Nikasimama hapo mpaka mjukuu wangu akanifuata akaniuliza kama nimechoka. Nikamuuliza ile picha ya ukutani inapatikana wapi, maana vifaranga wameshakua na ukuta uko wazi. Akasema atatafuta. Nikamwambia atafute yenye nguo.

Kwa kinyozi hajaenda tena. Nywele zilianza kuota bila mpango, mkamwana wangu akawa anamtania kwamba tumwekee kivuli kama miche ya kahawa. Anarudi kila mwisho wa wiki. Anakaa chini mbele yangu wakati viti vipo, nami natia kidole kupima, namwambia bado. Miezi ilipita. Jumamosi moja nilitia kidole nikaona zinashikika. Nikamtuma mtoto mdogo juu ya kabati kuleta kopo.

Ukingo bado hazijafikia, ni mistari tu ya kuanzia. Lakini siku ile ya kwanza sikufika hata katikati. Mwanangu alimwita akamtafutie chaja. Mtoto mkubwa akataka amsaidie hesabu. Mkamwana wangu akamtuma chumvi dukani, na simu yake ikalia mara tatu. Kila mara aliinuka, na kila mara fungu nililoshika likafunguka. Alipoinuka mara ya sita nilimshika bega nikamkalisha. Nikawaita wote uani, mwanangu naye, akiwa na sabuni usoni, nikawaambia mara moja tu:

"Kuanzia leo, Jumamosi mchana, huyu hatumwi maji, hatumwi dukani, haitwi na mtu wala na simu. Mwenye njaa ajipikie. Kichwa chake kiko kwenye magoti yangu mpaka nimalize."